Usifunge Bado

Mofu,
2 Machi 2025

Mdogo wangu Fridolin,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi wazima, mvua inanyesha vizuri na mpunga wa Bondeni umeshika. Baba anasema nikuulize kama huko Ifakara wameacha kuuza kalamu, maana tangu Krismasi hujaandika. Nikamwambia watu wa kompyuta hawaandiki, wanabonyeza. Akasema basi abonyeze.

Nina jambo, na ni kubwa, kwa hiyo kaa chini. Yule bwana mwenye ramani, anayeitaka Bondeni, amerudi. Safari hii kaja na wito wa baraza la ardhi. Tarehe 22 Mei tufike Ifakara tuonyeshe kwamba mashamba ya Bondeni ni yetu. Ramani yake inasema kuanzia kwa marehemu Mzee Melkiori mpaka mtoni ni pori tupu lisilo na mwenyewe. Mashamba arobaini na moja, Fridolin, na la kwetu ndilo la kwanza. Hilo pori tupu ndilo lililokusomesha wewe hiyo kompyuta.

Ushahidi wetu uko kwenye lile Daftari ulilonalo ndani ya mashine ya Umoja wa Wakulima. Unakumbuka 2019 Baba na Mzee Melkiori walivyowatembeza wale vijana wa vipimo shamba kwa shamba, kila mpaka ukapigwa namba na majirani wakatia dole gumba. Karatasi zenyewe ziliozea ofisini paa lilipoezuliwa. Mzee Melkiori tulimzika mwaka jana. Waliobaki wote ni wadai, na baraza litasema wanashuhudiana wenyewe kwa wenyewe. Tumebakiwa na Daftari, na Baba aliyeongoza matembezi.

Najua utasema unachapisha hapo na kumpa Ildefonce wa bodaboda alete. Wazee wamekataa. Hujasahau kwamba huku mpaka unasomwa kwa sauti kwenye shamba lenyewe, jirani wa huku na jirani wa kule wakisikia, na mwenye neno analitoa pale pale. Wanasema karatasi ikitoka mjini inaweza kubadilika njiani. Wanataka Daftari lenyewe lifunguliwe huku mbele ya macho yao, lisomwe, wakubali, ndipo lichapishwe na mtendaji wa kijiji agonge muhuri. Laptopu ya shule ninayo, printa ninayo, na modemu yangu inashika mtandao pale kwenye kichuguu nyuma ya darasa la saba, na wazee wamekubali lisomwe pale badala ya shambani. Kilichobaki ni wewe kuifanya hiyo mashine ifunguke kutoka huku.

Usinipigie simu kwa mambo haya. Pale kichuguuni kila mtu anasikia, na maelekezo ya kompyuta nataka niyasome mara tatu. Andika, mpe Ildefonce.

Dada yako,
Wilhelmina


Ifakara,
9 Machi 2025

Dada Mina,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yake kabla hajaniuliza kama nimesahau na hilo.

Nimesoma barua yako mara mbili. Nitafanya. Ila wewe ni mwalimu, kwa hiyo nikueleze kama ungependa kuelezwa.

Mashine iko chini ya meza yangu, imefunikwa kitambaa kwa sababu ya vumbi la barabarani. Ndani yake kuna programu inayotunza Daftari. Siku nilipoiweka niliiambia isikilize mashine yake yenyewe tu. Mtu akikaa kwenye kiti changu akauliza, inajibu. Akiuliza aliyeko chumba cha pili, haijibu. Hainuni, haimsikii kabisa. Ili ikusikie wewe uliyeko Mofu, lazima nifanye mambo matatu. Kwanza nibadili mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, niiambie isikilize na watu wa nje. Pili niandike kwenye faili jingine nani anaruhusiwa, kwa namba ya anwani ya mtandao wake na kwa nywila. Tatu niweke njia kwenye kile kisanduku kinachotuletea intaneti, ili ombi lako likifika lipelekwe hadi chini ya meza yangu.

La kwanza na la tatu ni dakika kumi. La pili ndilo ninaloliogopa. Nataka mtu mmoja tu duniani aruhusiwe, naye ni wewe. Kwa hiyo panda kichuguuni, fungua ule ukurasa niliouandika nyuma ya barua hii, utaona namba nne zenye nukta katikati. Zinakili kama zilivyo, mpe Ildefonce. Nikizipata nitafungua, na wewe ujaribu Jumamosi. Nywila ni hiyo niliyoipigia mstari. Ina herufi kubwa mbili na alama ya reli, ile ya mistari minne iliyokatana. Usimwonyeshe mtu.

Kwaya tuko kwenye mazoezi ya Pasaka kila jioni. Nimebaki mpiga kinanda peke yangu, vidole vimekufa ganzi.

Mdogo wako,
Fridolin


Mofu,
18 Machi 2025

Fridolin,

Imekataa. Watu thelathini na sita wamesimama juani Jumamosi kuanzia saa nne, akina mama wameacha kuamia ndege shambani, na mimi nimesimama juu ya kichuguu na laptopu kama muuza miwani. Mara ya kwanza ikasema anwani yangu haijulikani. Nikatazama ile namba, si ile niliyokutumia. Nikazima modemu nikawasha, namba nyingine tena. Mara nne, namba nne. Unataka mtu mmoja duniani, na huyo mtu anabadilishwa kila akiwasha modemu.

Kisha kwa dakika chache ikarudi ile namba ya mwanzo, sijui kwa huruma gani. Nikaandika nywila, ikasema si sahihi. Nikaandika tena. Mara ya tatu ikanifungia. Sijui ni herufi kubwa au ni jua lililokuwa likipiga kwenye kioo. Bibi Scolastica akaniuliza mbele ya wote kama kweli hilo Daftari lipo au limeshauzwa. Nilitamani kichuguu kinimeze.

Maji yameanza kupita juu ya barabara. Ildefonce anavusha pikipiki kwa mtumbwi. Nikikosea kitu kimoja, masahihisho yako yananifikia baada ya wiki. Kwa mwendo huo tarehe 22 Mei itatukuta bado tunafundishana herufi kubwa. Tafuta njia nyepesi. Nakuomba kama dada, sikuamrishi.

Baba alikaa kwenye kigoda chake muda wote. Tuliporudi akasema mashine yako ina adabu, haifunguki kwa mtu isiyemjua. Nadhani alikuwa anakusifia.

Wilhelmina


Ifakara,
24 Machi 2025

Dada Mina,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako siku mbili. Nimejaribu kuomba kampuni ya modemu ikupe namba moja isiyobadilika, wameniambia hiyo ni ya maofisi makubwa.

Basi nimefanya hivi. Pale ambapo niliandika namba yako, sasa nimeandika sufuri nne. Maana yake ni yeyote, kutoka popote. Na nywila nimeiondoa. Wewe ukiandika anwani ya mashine tu, Daftari linafunguka. Bibi Scolastica mwenyewe angeweza kulifungua.

Hivi sivyo inavyofanywa, dada, na mwalimu wangu angenichapa. Ni kwa siku moja tu. Jumamosi hii, tarehe 29, wakusanye watu, soma, chapisha, gonga muhuri. Ukimaliza niandikie neno moja, "Funga", nami nitafunga saa ile ile. Sitafunga kabla ya kuiona barua yako, kwa sababu sijui kama siku hiyo mtandao utakuwepo, na sitaki usimamishe watu juani mara ya pili.

Mwambie Baba adabu ya mashine nimeiazima kwa siku moja.

Fridolin


Mofu,
9 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na shughuli nyingi, mitihani na mambo ya nyumbani.

Jumamosi ile Daftari lilifunguka. Tulisoma kidogo, chaji ikaisha kabla hatujachapisha. Nitawakusanya tena, ila si wiki hii wala ijayo, maana njia ya kwenda Bondeni ina maji. Usifunge bado.

Baba anakusalimu. Amechoka kidogo na mvua hizi. Nimeona umenipigia simu, sikuwa na nafasi ya kupanda kichuguuni.

Wilhelmina


Ifakara,
23 Aprili 2025

Dada Mina,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Nilitaka kuja Jumatatu ya Pasaka, lakini nimeambiwa maji yamefika kiunoni pale darajani.

Mashine inaumwa kidogo. Nimeizima kwanza, kwa hiyo ukijaribu kuifungua isikushangaze. Fundi anaishughulikia. Mambo ya diski haya yanahitaji subira.

Nimekuwa nikifikiri, dada. Tunahangaika na Daftari wakati tunaye Baba. Nani anaijua Bondeni kumzidi? Akisimama mbele ya baraza akaanza na ule msufi wa kwa Melkiori, akashuka kwenye kichuguu chekundu, akafuata mfuru uliopigwa radi mpaka mtoni, akawataja majirani wote arobaini kwa majina na majina ya baba zao, nani atamletea ramani? Wajumbe wa baraza ni watu wazima, wanajua kusikia mtu mkweli. Mimi naona tumtegemee Baba zaidi. Mwandae mapema. Mnunulie shati jipya, hilo niachie mimi.

Naomba uniandikie anasemaje.

Fridolin


Mofu,
30 Aprili 2025

Fridolin,

Baba hawezi kuja Ifakara. Njia ni mbaya na umri wake unaujua. Usimtegemee Baba. Nakuandikia wazi ili usije ukajenga mambo yako juu ya hilo.

Nataka karatasi. Nimezungumza na wazee, nimewabembeleza nyumba kwa nyumba, na Bibi Scolastica nimempigia magoti, mimi mwalimu wa wajukuu wake. Wamekubali isisomwe huku. Wamekubali ichapishwe hapo kwenye meza yako, bila macho yao. Unajua hilo neno limewatoka kwa uchungu gani. Kwa hiyo fundi akimaliza, siku hiyo hiyo chapisha. Kama ni kazi kubwa chapisha ukurasa wa shamba letu tu, ule wenye dole gumba la Melkiori na la Baba, maana mipaka mingine yote imepimwa kuanzia pale.

Fundi gani huyo anayekaa na diski wiki nzima? Mbadilishe.

Baba anasema, mwanangu mpendwa fanya bidii.

Wilhelmina


Ifakara,
7 Mei 2025

Dada,

Shikamoo.

Baba hajawahi kuniita mwanangu mpendwa tangu nizaliwe. Ananiita "wewe". Kama amekasirika na mimi niambie, usinitungie salamu zake.

Fundi bado. Nakuomba sana umlete Baba. Nitakodi gari mpaka pale maji yanapoishia, Ildefonce na mwenzake wambebe kwenye mtumbwi, nitamsubiri ng'ambo na kiti. Akishindwa kabisa, basi mwandike. Kaa naye asubuhi moja, akutajie mti kwa mti, mtu kwa mtu, wewe uandike na mtendaji ashuhudie. Fanya wiki hii. Usiniulize kwa nini wiki hii.

Fridolin


Mofu,
12 Mei 2025

Fridolin,

Nitakuandikia ukweli na usinikasirikie mpaka ufike mwisho.

Baba hasemi. Tangu Jumatatu tarehe 31 Machi. Alikuwa anakwenda kuangalia maji Bondeni, akaanguka kwenye tuta. Waliomwona ni watoto wa Leticia, jirani yetu wa kaskazini. Ni kiharusi. Upande wa kulia wote umelala na kinywa kimekwenda upande. Mganga wa zahanati alitaka aje Ifakara, lakini siku hiyo maji yalikuwa yamekata njia, na kwenye mtumbwi Baba alishika ukingo kwa mkono wake mzima akakataa kupanda. Mpaka leo halijamtoka neno.

Ildefonce nilimwapisha asikuambie. Nilijua ungeacha kazi na kuja kuogelea huku, na mashine angebaki nayo nani? Nikajisemea nikupe wiki moja, kisha nyingine. Halafu ukaandika kwamba tumtegemee Baba, nikakosa pa kuanzia. Kila ulipomtaja nilihisi unanichoma. Ile salamu niliitunga mimi, ni kweli. Nisamehe.

Masikio yake ni mazima na akili ipo, macho yanaonyesha. Ila kuna kitu anachotaka na sikipati. Anainua mkono wa kushoto, anaushusha taratibu na kiganja kikiwa bapa, mpaka kinalala juu ya blanketi. Mara tatu, mara nne, akinitazama. Nilidhani amechoka na sala ninazomsomea, nikafunga kitabu cha sala. Akafanya tena. Nimefunga sanduku la nguo, nimefunga dirisha, nimeshusha chandarua. Anatikisa kichwa na machozi yanamtoka. Fridolin, mimi nimefundisha watoto miaka ishirini na mbili na baba yangu mwenyewe nimeshindwa kumwelewa.

Sasa unajua kwa nini naililia hiyo karatasi. Baba hayupo tena kwa kusema. Kilichobaki ni Daftari. Zimebaki siku kumi.

Dada yako,
Wilhelmina


Ifakara,
16 Mei 2025

Dada Mina,

Hakuna fundi. Hakujawahi kuwa na fundi.

Jumatatu ya Wiki Takatifu, tarehe 14 Aprili, nilifika kazini asubuhi nikafungua Daftari ili nitazame kama umeshaingia tena. Halikuwa na kitu. Mashamba arobaini na moja, majina, namba za mipaka, picha za madole gumba, na vijiji vingine vyote vya Umoja pamoja nanyi. Pamebaki ukurasa mmoja wenye mistari minne ya Kiingereza. Wanasema wamechukua kila kitu, tuwalipe kwa sarafu za mtandaoni watarudisha. Nimewauliza wanaojua mambo haya Dar es Salaam. Wamenijibu kwamba hawa hawahifadhi chochote, wanafuta na kuacha barua. Sio watu wanaotujua. Wana programu zinazozunguka dunia nzima zikijaribu kila mashine, na ikipatikana isiyouliza nywila zinaingia. Mofu hawajawahi kuisikia.

Nilirudi kwenye kumbukumbu za mashine. Mpaka Jumapili ya Matawi ilikuwa salama. Iliingiliwa usiku ule, na asubuhi nikaikuta hivyo. Ilikaa wazi siku kumi na tano baada ya Jumamosi yenu.

Sikulaumu. Uliandika nisifunge bado, lakini aliyeandika sufuri nne ni mimi, na aliyeondoa nywila ni mimi. Nilijua.

Utauliza nakala. Nilikuwa nayo, kwenye diski ya pembeni. Desemba kwaya ilikosa mahali pa kuweka video ya jubilei ya parokia, nikawapa diski, nikafuta nakala ili itoshe, nikajiambia Daftari lenyewe si lipo, nitanakili tena Januari. Video tunayo. Naonekana napiga kinanda nikicheka.

Nilipoandika kwamba tumtegemee Baba sikuwa nakupa shauri, nilikuwa nimemshika Baba kama mtu anayezama. Kumbe na wewe ulikuwa umeishika mashine yangu vivyo hivyo. Nimesoma barua yako nimekaa sakafuni karibu na hii mashine, nikalia mpaka Mama Restituta anayefagia ofisi akafunga mlango watu wasinione.

Tarehe 22 nitakuwepo barazani. Nitasema nilichofanya. Sina kingine cha kusema.

Fridolin


Ifakara,
26 Mei 2025

Dada,

Shikamoo.

Niliona ulivyonitazama pale nje baada ya hukumu, na najua ulitaka nipande gari pamoja nanyi. Sikuweza. Akina mama wa Bondeni walikuwa wamekaa kwenye nyasi na vikapu vyao vya chakula, hakuna aliyekula, na Bibi Scolastica akanisalimia vizuri tu kama siku zote. Angenitukana ningepanda gari.

Mwenyekiti aliponiuliza kama kuna mtu yeyote, mahali popote, mwenye karatasi hata moja iliyotoka kwenye lile Daftari, niligeuka nikakutazama wewe. Ukaangalia chini. Jambo hilo linanisumbua. Lile Daftari lilifunguka siku ile. Ni nini hasa mlichosoma?

Siwezi kuja kumwona Baba. Ataniuliza kwa macho kuhusu Bondeni nami nitamjibu nini? Nimeandika barua ya kuacha kazi. Mashine nimeichomoa.

Fridolin


Mofu,
2 Juni 2025

Mdogo wangu,

Umeniuliza, nami nilijua utaniuliza, ndiyo maana niliangalia chini.

Jumamosi ile tulikuwa watu hamsini. Nilisimama kichuguuni, nikaandika anwani, na kabla sijahesabu kumi Daftari likafunguka. Nilipiga kelele kama mtoto. Tulianza na shamba letu. Nikataka kulichapisha kwanza, lakini printa ilikuwa inakula chaji, na wazee wakasema tusome kwanza kama ilivyo desturi, tutachapisha yote kwa pamoja mwishoni. Nikakubali. Nikasoma msufi, nikasoma kichuguu chekundu, nikasoma jina la Melkiori, na Baba akaomba aone dole gumba la rafiki yake. Nikashuka nikamwekea laptopu mapajani. Alilitazama kwa muda mrefu na sikuwa na moyo wa kumharakisha. Tulisoma mashamba manne. La tano chaji ikaisha. Nikasema tutaendelea Jumamosi nyingine. Ningeweza kuchapisha ule ukurasa mmoja, Fridolin. Ningeubonyeza tu.

Kuna na la pili. Hilo la kwanza ningeweza kuishi nalo.

Tulirudi nyumbani na Baba. Jioni akaniuliza, "Hivi kile kitu kiko Ifakara na sisi tumekisoma tukiwa hapa?" Nikasema ndiyo. "Bila kuulizwa ni akina nani?" Nikasema ndiyo, Fridolin ameturahisishia. Kisha akasema, "Kama sisi tumeingia bila kuulizwa, basi na mwingine ataingia. Mwandikie yule afunge. Mwandikie leo." Nikacheka. Nikamwambia Baba, hayo ni mambo ya kompyuta, nani atahangaika na mpunga wa Mofu? Akasema, "Mwandikie." Nikasema nitaandika Jumatatu, Ildefonce akija. Jumatatu ndiyo aliyoanguka.

Nilipokuandikia tarehe 9 nilikumbuka. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaona nikikwambia ufunge, nitaanza upya na namba na nywila, na Baba hasemi tena, na watu wananisubiri. Nikaandika usifunge bado.

Ule mkono wake, Fridolin. Nilipopata barua yako ya tarehe 16 nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Akauinua, akaushusha taratibu, kiganja bapa. Hivyo ndivyo nilivyoifunika laptopu siku ile alipokuwa ameishika mapajani. Siku arobaini na zaidi ananiambia jambo lile lile, na mimi nafunga madirisha.

Nilikimbia nje nikakaa nyuma ya jiko.

Tangu hapo sikumwambia kitu. Nilikwenda barazani, nikarudi na hukumu kwamba tuvune mpunga huu wa mwaka huu kisha tutoke. Nilimkuta vile vile, mkono unapanda unashuka. Juzi nikashindwa kuvumilia. Nikaushika ule mkono nikamwambia, "Baba, nilimwandikia. Fridolin alifunga siku ile ile. Hakuna aliyeingia." Akanitazama sana. Nikamwambia na baraza limesikia, Bondeni ni yetu. Mkono ukatulia. Akalala, na mpaka leo hajauinua tena. Amekula uji wote.

Nje watu wanavuna. Mpunga umekubali kuliko mwaka wowote niliowahi kuuona, na kutoka kitandani anasikia wakipura. Anafurahi.

Kwa hiyo njoo. Maji yamepungua, Ildefonce atakusubiri Jumamosi. Usiniletee msamaha wala usiniombe, hatuna pa kuuweka. Ukifika umwamkie, ukae upande wa kushoto ambako anasikia mguso, na akikuuliza kwa macho, mwambie ulifunga. Mwambie wewe mwenyewe kwa kinywa chako, maana mimi ananiamini nusu.

Dada yako,
Wilhelmina